Kifundo na Walinzi Wasiokumbuka Sura

Paukwa!

Pakawa!

Wa mbele nimewasikia. Na nyinyi mnaomenya karanga kule nyuma, midomo yenu imejaa nini? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sasa tuko pamoja, wadogo kwa wakubwa. Hapo zamani za kale, ndege walipokuwa na miji yao na sheria zao, palikuwa na mgunga mmoja umesimama ukingoni mwa mto. Matawi yake mengine yalikuwa juu ya nchi kavu, mengine yalikuwa juu ya maji. Yale ya juu ya maji yalijaa viota. Viota, viota, viota. Vimening'inia kama vibuyu. Upepo ukija, mji mzima unabembea.

Mji ule ulikuwa wa kwera, wale ndege wadogo wa manjano wanaojua kusuka kuliko mtu yeyote mnayemjua. Mkuu wao aliitwa Mwana Ukindu. Alikuwa jike mpole, mwenye sauti ya chini, na hakupenda makelele.

Ulinzi wa mji ule ulikuwa wa namna mbili. Sikilizeni vizuri hapa.

Ulinzi wa kwanza ulikuwa wa Bi Madoa. Bi Madoa alikuwa na jicho. Akimtazama adui, akamzunguka, akamchunguza ukucha na unyoya, basi adui huyo hasahauliki tena. Alama yake inatangazwa tawi kwa tawi, na tangu siku hiyo hata vifaranga wanamjua. Lakini Bi Madoa haharakishwi. Adui angeweza kuja, akala, akashiba, akalala, akaamka, na Bi Madoa bado anatazama.

Ulinzi wa pili ulikuwa wa walinzi wa mlango. Hawa walikaa nje, kwenye vitawi. Hawakujua sura ya mtu. Ukiwauliza aliyekuja jana alikuwa nani, wanatazamana tu. Walijua mambo machache. Mgeni huyu anajificha? Anaingia nyumba isiyo yake? Anakuja wakati mwenye nyumba hayupo? Basi wanamdonoa. Akiondoka, wamemsahau. Watu wa mji waliwacheka. Waliwaita vichwa vya chujio, maji yanaingia, maji yanatoka.

Mkubwa wa walinzi hao alikuwa Kifundo. Kifundo alikuwa jike mfupi, shingo nene, mdomo mgumu. Akichekwa anageuza shingo, anatazama mto.

Kikafika kipupwe. Mtama umeiva mashambani, na walinzi wengi wamekwenda kula. Waliobaki wamepigwa na kijua cha asubuhi, wanasinzia. Hapo nyoka mmoja akaanza kupanda mti. Alikuwa wa ule ukoo wa nyoka wala mayai, wasio na meno ya kuuma. Tena alikuwa mzee, amechakaa, jicho moja limeingia ukungu. Jina lake Kibogoyo.

Sururu, sururu, akapanda. Akaingiza kichwa katika kiota cha kwanza. Gulu. Yai limekwenda. Akalivunja kooni, ute akameza, ganda akatema. Sururu, sururu, kiota cha pili. Gulu.

Ndipo mlinzi mmoja akafumbua jicho, akapiga yowe. Walinzi wakaja, lakini walikuja ovyo. Huyu anadonoa mkia, yule anadonoa gome la mti, mwingine kamdonoa mwenzake. Wengine walifika wakiwa na mtama mdomoni. Kifundo akamrukia nyoka kichwani, akang'ang'ania. Nyoka akambamiza ubavu kwenye tawi, pa. Kifundo hakuachia. Mwishowe yule mzee alichoka, akalegea, akaanguka. Pu, majini. Akaogelea akaenda zake.

Mama waliopoteza mayai walilia. Wengine wakawapa pole. Tawi alilopita nyoka lilikuwa limechubuka, limetoka utomvu, na kwa siku chache kila aliyekaa pale alinata. Kisha utomvu ukakauka. Bi Madoa alikuwa ameshaichukua alama ya nyoka. Mwana Ukindu akawaambia watu kwamba yamepita. Adui mwenyewe alikuwa kikongwe, hana meno, na sasa anajulikana. Turudi kusuka.

Watu wakarudi kusuka. Lakini walinzi hawakurudi kama walivyokuwa.

Haikuwa kwamba walimkumbuka nyoka. La. Kabla mtama haujaisha shambani, kama alikuwa mfupi au mrefu, mweusi au wa kijivu, hawakuweza kukwambia. Sura ilikwisha kutoka. Lakini kuna kitu kilibaki mwilini. Kilibaki kwenye kucha, kwenye shingo, kwenye namna ya kukaa. Zamani walikaa na migongo kwenye upepo. Sasa walikaa wametazama milango. Zamani walikwenda kula wote. Sasa walikwenda kwa zamu. Walinoa midomo kwenye magome, kwaru, kwaru. Walirundika nyasi mbichi karibu na kila nyumba, ili mlango ukitakiwa kufungwa usingoje mtu kwenda kuchuma. Tena wakawashawishi wenye nyumba wairefushe shingo ya mlango, ile njia nyembamba ya kuingilia, ili anayeingia achelewe kidogo.

Wakajifunza na kuitana. Mmoja anauliza, wengine wanajibu. Haya, nyinyi muwe walinzi, mnijibu.

Nani huyo?

Hatumjui.

Yuko wapi?

Mlangoni.

Basi twende.

Ndivyo walivyofanya, kutwa nzima. Siku moja jirani mmoja akamwuliza Kifundo kama bado anamngoja yule nyoka. Kifundo akanoa mdomo kwenye gome, kwaru.

"Nyoka simngoji," akasema. "Ninayemngoja simjui."

Jirani akaenda akisimulia, na watu wakacheka mpaka viota vikatikisika.

Lakini wanangu, kuwa macho nako kuna hatari yake. Asubuhi moja ndege mdogo anayeitwa chozi alikuja kunyonya maua ya mgunga. Hana neno na mtu. Amekuja kwa njia ya wageni, mchana kweupe, anaimba. Walinzi wakamwona. Nani huyo? Hatumjui. Basi twende. Wakamwangukia, wakamchana bawa. Mpaka Kifundo anafika, chozi wa watu amelala kwenye mchanga, anahema.

Mwana Ukindu alikasirika kwa ile sauti yake ya chini. Alimwita Kifundo mbele ya watu. Akamwambia kwamba mji wenye walinzi wanaompiga kila mpita njia utakosa maua, utakosa majirani, na mwisho utajipiga wenyewe. Akasema yuko tayari kuwavunja wote na kuwarudisha mashambani.

Kifundo hakubisha. Alimwuguza chozi mwenyewe, akamlisha, mpaka bawa likapona. Kisha akawakusanya walinzi, akawawekea sheria mpya. Kutomjua mtu jina si kosa la mtu huyo. Tazama kwanza anafanya nini. Ajifichaye, aingiaye kwa mwenzake, huyo ndiye wako. Anayeimba juani mwache aimbe. Mwana Ukindu akaona, akawaacha waendelee, ingawa moyo wake ulikuwa nusu.

Kipupwe kikaisha. Vifaranga wapya wakakua, na baadhi yao wakaingia ulinzini. Hawa hawakumwona nyoka hata siku moja. Walikuwa bado hawajaanguliwa. Lakini walilelewa katikati ya wale waliomwona, wakajikuta wanakaa vilevile, shingo mbele, kucha zimekaza. Ukimwuliza mmojawao kwa nini anakaa hivyo, anakwambia ndivyo watu wanavyokaa.

Kisha mvua ikaja. Na pamoja na mvua, akaja Kekeo.

Mnamjua Kekeo? Ni ndege mzuri. Mgongo wa kijani, unang'aa kama umepakwa mafuta. Sauti tamu. Lakini Kekeo hana nyumba. Hajui kusuka hata jani moja. Hajui kulalia yai wala kulisha mtoto. Kila kitu chake kinafanywa na wengine, tena bila wao kujua. Anaingia nyumba ya mwenzake, anatoa yai moja, anataga lake. Lake linafanana na la mwenye nyumba. Linaanguliwa mapema. Mtoto wake, kipofu bado, uchi bado, anayasukuma mayai mengine nje kwa mgongo. Pu. Pu. Kisha anafungua mdomo, na mwenye nyumba anamlisha. Akikua, naye ni Kekeo. Naye anatafuta nyumba. Mmoja anakuwa wawili, wawili wanakuwa wengi, na wote wamelelewa na maadui zao.

Ng'ambo ya mto, katika matete, palikuwa na mji mwingine wa kwera. Kekeo alianzia huko. Mji ule ulikuwa na walinzi, tena wenye nguvu, lakini hawakuwahi kuguswa na lolote. Walikaa migongo kwenye upepo. Walipoanza kuuliza nani huyo, kila nyumba ilikwisha kuwa ya Kekeo.

Mmoja alivuka mto akaja mgungani. Aliitwa Bi Mashavu. Alifika amelowa, mabawa yanaburura, akakaa kwenye tawi la chini kabisa bila kuomba kitu. Watu wakamzunguka. Wakamwuliza habari za matete, naye akawaeleza kidogo kidogo. Hakuna mji tena kule. Kuna viota, na ndani ya viota kuna midomo mikubwa.

Mwana Ukindu akamwuliza kwa upole kama yeye mwenyewe alikuwa na watoto.

"Nilikuwa na mmoja," akasema Bi Mashavu. "Nilimlisha mpaka akawa mkubwa kuliko mimi. Nikajivunia. Siku alipoota manyoya ya kijani ndipo nilipojua wangu walikwenda na maji zamani."

Hakuna aliyecheka siku ile.

Bi Madoa akamsogelea, akamwuliza yai la Kekeo liko vipi. Bi Mashavu akajibu kwamba lilifanana na lake. Akaulizwa tena, akajibu vilevile. Bi Madoa akawageukia watu, akasema ukweli bila kuuzungusha. Alama ya adui huyu haijui. Mpaka alione yai lenyewe, alichunguze, alilinganishe. Na kazi hiyo itataka muda.

Mwana Ukindu akauliza, "Na huo muda atatupa nani?"

Kifundo, kutoka juu, akasema, "Sisi."

Akarudi kutazama milango.

Haikuchukua muda Kekeo akavuka mto. Alikuja kama alivyokuja kwenye matete. Dume lake likakaa kwenye kichaka cha mbali, likaimba, dii-dii-dederii, ili walinzi waende kule. Jike akapita chini, karibu na maji, kimya. Amezoea. Kila mji aliopita, walinzi walikwenda kwenye wimbo.

Walinzi wa mgunga waliusikia ule wimbo. Anayeimba juani mwache aimbe. Hakuna aliyekwenda.

Jike akajitokeza chini ya kiota kimoja. Mwenye nyumba alikuwa hayupo. Akaingiza kichwa kwenye shingo ya mlango. Shingo ndefu. Akajivuta. Ndefu bado. Miguu yake ikabaki nje inapapasa.

Nani huyo?

Hatumjui.

Yuko wapi?

Mlangoni.

Basi twende.

Wakafika kabla sauti haijaisha. Hawakuja ovyo. Wawili wakashika miguu. Wengine wakakaa juu ya mlango na midomo chini. Wengine wakapiga mbiu kwa majirani, na majirani wakaipokea, tawi hili likaambia tawi lile, na kila aliyesikia akavuta nyasi akafunga mlango wake. Hata nyumba ambazo adui hajazikaribia zilifungwa. Kwaru, kwaru, kwaru. Mji mzima ukawa ngumi iliyofumbwa.

Kekeo akavutwa nje. Akadonolewa kichwa, akadonolewa mgongo, manyoya ya kijani yakaelea juu ya mto. Akajinasua, akaruka, akakimbilia kichakani. Ndege yule hakuwahi kupigwa hivyo. Alimwambia mumewe kwamba walinzi wale lazima wanamjua, kuna mtu amewapa sura yake. Kumbe wangemkuta kesho yake njiani wasingemtambua.

Watu wakaanza kushangilia. Kifundo akawanyamazisha, kwa sababu alikuwa ameona kitu. Chini, kwenye maji, lilikuwa linaelea ganda la yai la kwera. Limevunjika, bichi. Maana yake, kabla ya kunaswa pale, Kekeo alikwisha kuingia nyumba nyingine. Ametoa yai. Na akitoa yai, ameweka lake. Kekeo hutaga haraka, kufumba na kufumbua. Yai la adui lilikuwa ndani ya mji, na halijulikani liko nyumba ipi.

Hofu ikaingia. Walinzi damu zao zilikuwa bado moto. Mmoja akasema njia ni moja tu, yatupwe mayai yote, mji uanze upya. Wengine wakaitikia. Walikwisha kuanza kusogea kwenye viota. Wanangu, hapo mji ulikuwa karibu kufa kwa mikono yake wenyewe.

Kifundo akakaa mbele ya mlango wa kwanza, akatanua mabawa.

"Atakayegusa yai leo ataanza na mimi," akasema. "Kazi yetu ni mlango. Yai ni la Bi Madoa."

Walinzi wakamtazama. Wakakumbuka habari ya chozi, au labda hawakuikumbuka, lakini kitu fulani mwilini kiliwarudisha nyuma. Wakarudi matawini.

Bi Madoa akaanza kazi. Nyumba kwa nyumba, yai kwa yai. Anatazama, anageuza, anatazama. Hakuharakishwa, na safari hii hakuna aliyemharakisha. Maana nje kulikuwa na vita.

Kekeo alikuwa amewaita wenzake. Wote waliolelewa kwenye matete, wamekua, kila mmoja anatafuta nyumba. Walikuja kutoka juu, wakarudishwa. Walikuja na mvua, wakitegemea kwamba walinzi watajikunyata, wakakuta walinzi wamelowa na wamesimama. Waliokuwa wadogo, wale wasiomjua hata nyoka, ndio waliokuwa wa kwanza kufika kila mara. Kila Kekeo aliyekuja alikuwa mgeni kwao, kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Na kila aliyekuja alikuta kucha zimekwisha kukaza. Walichoka. Mabawa yao yalichanika, na mlinzi mmoja jina lake Shupavu alianguka mtoni asionekane tena. Lakini hakuna Kekeo mwingine aliyepita mlango.

Bi Mashavu hakuwa mlinzi, lakini alichuma nyasi. Alichuma na kupeleka, alichuma na kupeleka, mpaka mdomo ukatoka malengelenge.

Ndipo Bi Madoa akatoka kwenye kiota kimoja, akakaa mlangoni. Kilikuwa kiota cha Mwana Ukindu.

Akaeleza kwa sauti ndogo. Mayai ya kwera yana madoa yaliyokusanyika upande mnene, kama kofia. Yai moja la Mwana Ukindu madoa yake yamesambaa mpaka kwenye ncha. Ukilitazama mara moja, huoni. Ukilitazama kama yeye anavyotazama, ni mgeni.

Mwana Ukindu alikuwa amekaa juu ya mayai yake. Hakuinuka.

"Nimelilalia," akasema. "Linagonga ndani. Nalisikia hapa kifuani."

Bi Madoa akamwambia kwamba linagonga kwa sababu linakaribia kuanguliwa, mapema kuliko mengine. Mwana Ukindu akauliza kama ana hakika. Bi Madoa akasema ana hakika. Mwana Ukindu akauliza tena. Walinzi wakatazama pembeni. Yule mama mpole, aliyekuwa tayari kuwavunja, sasa alikuwa ameyakumbatia mayai kwa mabawa, na hakuna aliyetaka kumwondoa kwa nguvu.

Bi Mashavu akaweka nyasi zake chini. Akapanda, akaingia kwenye shingo ya mlango, akakaa karibu naye. Walizungumza wawili tu, na waliokuwa nje walisikia maneno machache. Walimsikia Bi Mashavu akisema kwamba yeye hakuna aliyemwambia. Angeambiwa, angelia siku moja. Sasa analia kila siku.

Kisha Mwana Ukindu mwenyewe, kwa kifua chake mwenyewe, akalisukuma lile yai. Likapita kwenye shingo ndefu ya mlango, likatokea chini.

Pu.

Maji yakajifunga.

Bi Madoa akaitangaza alama. Madoa mpaka nchani. Ikapokelewa tawi kwa tawi. Madoa mpaka nchani, madoa mpaka nchani. Sasa kila mama alijua yai la mgeni. Akatangaza na alama ya Kekeo mwenyewe, mgongo wake, jicho lake jekundu, na mruko wake wa chini. Na hapo, jamani, vita vilibadilika. Wakekeo walipokuja mara ya mwisho, walikuta walinzi wanaowapiga bila kuwajua, na nyuma ya walinzi, mji mzima unaowajua kwa majina. Watatoka wapi? Walipigwa juu, wakapigwa chini. Wakafukuzwa ukingo mzima wa mto. Dume lilikuwa linaimba, likasahau wimbo katikati, likaruka. Wakaenda, wakaenda, wakawa vitone vya kijani, wakapotea.

Tawi la juu likaanza kuimba. Tawi la pili likapokea. Mti mzima ukaimba mpaka samaki wakatoa vichwa. Walimlilia Shupavu ndani ya wimbo huohuo, maana kwera hawana wimbo wa kulia peke yake. Mayai yaliyobaki ya Mwana Ukindu yakaanguliwa jua likiwa kichwani, vifaranga wasio na manyoya, wachafu, wenye kelele. Na yule mama asiyependa makelele aliwaacha wapige kelele watakavyo.

Vifaranga wa msimu ule walipojifunza kuruka, walikuwa wengi kuliko matawi. Bi Mashavu akaomba ruhusa. Alitaka kurudi kwenye matete, lakini hakutaka kurudi peke yake. Mwana Ukindu akampa vijana waliotaka mji mpya. Kifundo akampa walinzi, tena akachagua wale bora, wenye makovu. Asubuhi walipoondoka, mto ulikuwa umejaa, mpana, na kundi likavuka juu yake kama mtu ametupa unga wa manjano hewani. Bi Mashavu alikuwa mbele. Walitua kwenye matete, na kabla jua halijapanda sana, watu wa mgunga wakaona ng'ambo kile kiota cha kwanza kipya, kijani bado, kinabembea.

Sasa mafunzo yake ni haya, na nitayasema wazi asitoke mtu akajitungia yake. Taabu ndogo uliyoipita inaweza kukuandaa kwa taabu kubwa usiyoijua jina. Na aliye macho akishika mlango, mwenye kujua anapata muda wa kujua. Mmoja bila mwenziwe, mji unaangamia.

Tena msidhani mji huo uko mbali. Uko ndani ya ngozi zenu. Kirusi cha ugonjwa ni kama Kekeo, hakina nyumba, kinaingia kwenye chembe za mwili wako na kuzilazimisha zizae wenzake. Na mwilini mna walinzi wa mlango ambao hawakumbuki sura. Zamani hata wataalamu waliwaita wasahaulifu. Siku hizi wanasema walinzi hao wakishaamshwa na ugonjwa mdogo, au na chanjo fulani, wanaweza kubaki tayari kwa kitambo, na adui mwingine kabisa akija wakamwahi. Kwa kitambo, nimesema, si milele. Na wakizidisha ukali, wanamwumiza mwenye mwili. Kwa hiyo ukipelekwa kuchanjwa na mkono ukavimba kidogo, usilie sana. Kuna watu ndani wanaamka.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye matete, kiota kikibembea. Iliyo nzuri ichukueni mwende nayo nyumbani, iliyo mbaya nirudishieni mimi niliyeisema.